Shina Lililobaki

Semeni aliamka na uchovu uleule aliolala nao. Alipotoka nje kwenda uani, baridi ikamkamata masikio. Mama mkwe wake alishamtangulia. Alikuwa ameinama kwenye tuta la mawe alilolijenga Gwamaka, mume wa Semeni, kabla hajafariki, akiimwagilia mimea ya majani manene ambayo marehemu aliipanda hapo.

"Mama, nimesema mpaka nimechoka. Hii haifi kwa baridi, inakufa kwa maji."

"Wewe unywe chai asubuhi na jioni, halafu mimea ya mwanangu ishinde na kiu?"

Semeni alisogea kwenye tuta. Alichuchumaa, akavuta shina moja, likatoka bila mzizi, jeusi, linateleza. La pili nalo vilevile. Akaliweka kiganjani mwa mama mkwe, naye akaligeuza.

"Ni mimi niliyefanya hivi?"

"Ulikuwa unaipenda, mama."

Lilikuwa limebaki moja tu lenye uhai, kule pembeni kwenye changarawe, ambako mkono wa mama haukufika.

Mara mvua ikashuka. Semeni alikimbilia barazani, na alipogeuka akamwona mama bado yuko palepale, amevua kitenge cha mabegani na kukitandaza juu ya lile shina, amekishikilia kwa mikono yote miwili.

"Mama, utaugua!"

"Basi njoo ushike upande wa pili."

Semeni alishusha pumzi, akarudi mvuani, akashika. Maji yakaanza kujaa katikati ya kitenge, yakikivuta chini taratibu kuelekea lile shina.