Jina la Kukomesha

"Mtoto anaitwa nani?" padri wa kanisa letu la Kigiriki aliniuliza mara ya pili.

Binti wa nne wa kaka yangu alikuwa akiniteleza mikononi kwa mafuta ya ubatizo, amening'ang'ania kidole gumba. Mama wa ubatizo nilikuwa mimi, na jina lilingoja mdomo wangu.

"Mpe lako, dada," kaka alininong'oneza huku akicheka. "Stamatia, yaani koma! Mabinti wakome. Si ulipoitwa wewe hivyo, nikaja mimi?"

Lakini miaka yote mama aliniambia kilichotakiwa kukoma ni vifo. Kabla yangu alizika watoto wawili; kama walikuwa wa kike au wa kiume, hakuwahi kusema.

Nikamtazama mama. Alikunja leso, akaikunjua, akaikunja tena.

"Jina!" padri alisema.

"Mama," niliita, kanisa zima likageuka, "wale wawili waliitwaje?"