Kundi la Mtu Mmoja

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kufunga kundi nilipouona ujumbe wa asubuhi hiyo hiyo.

Bosi alikuwa ameniagiza nifagie makundi yote ya soga yaliyokufa pale kazini. Hili la madereva lilikuwa limebaki na mtu mmoja tu, Orville, mlinzi wa ghala letu la Thunder Bay. Madereva walihamia kundi jipya, na hakuna aliyemwambia. Naye kila siku aliwaandikia: "Daraja lina barafu, wanangu. Pole pole."

Nilipitia jumbe zake za msimu mzima wa theluji. Hakuna aliyemjibu hata neno.

Sikulifunga. Nilimwingiza kwenye kundi jipya, nikaandika: "Orville huyu hapa."

Simu yangu ikaanza kutetemeka mezani.

"Mzee! Tulidhani umestaafu!"

"Nani alimficha babu? Juzi nimeingia mtaroni mimi!"

Kisha vile vidoti vitatu vya mtu anayeandika vikatokea chini ya jina la Orville. Vikapotea. Vikarudi, vikapotea tena. Nikasubiri, kahawa ikinipoa mkononi.

"Kumbe mpo?" aliandika.