Nyonga ya Mama Nakijwa

Siku hizo, nyonga ya bandia ya madini ya titani alipewa mzee mwenye mtu wa kumtembeza kila asubuhi, kwa kuwa mfupa huishika titani vizuri ukizoezwa kubeba uzito. Asiye na mtu aliwekewa ya plastiki. Hiyo mfupa hauishiki, huizungushia utando tu, na mwenyewe hutembelea mkongojo maisha yake yote.

Mbonea alimwahidi daktari kwamba angemtembeza mama yake, Nakijwa, mpaka mfupa ushike, naye mama akawekewa ya titani. Wiki ya kwanza alijitahidi. Baadaye usingizi ukawa mtamu, akawa anasema, "Kesho, mama," naye mama hujibu, "Haya mwanangu, pumzika," akabaki kitini akiutazama mlango.

Siku ya kupimwa, daktari aliikodolea macho picha ya eksirei ya nyonga.

"Mfupa haukushika. Itabidi tuitoe hii titani, apewe mwingine. Bibi tutamwekea ya plastiki." Akamgeukia Mbonea. "Ulikuwa unamtembeza kweli?"

Mbonea alifungua kinywa, lakini mama alimtangulia.

"Kosa ni langu, daktari. Huyu alinibembeleza kila asubuhi, mimi nikakataa. Uvivu wa uzee."

Neno moja tu la Mbonea lingetosha kuusema ukweli. Aliinamisha kichwa.

Daktari akamshika bega. "Pole, kaka. Watoto kama wewe siku hizi ni wachache."

"Asante," Mbonea akajibu. Mama yake akamnyooshea mkono amsaidie kusimama.