Birika la Ijumaa

Mlinzi wa geti alimwona mhandisi akitoka kiwandani mbio, tai imehamia mgongoni, mkononi ameshika kidole cha chuma.

"Hicho umemkata nani?" mlinzi aliuliza.

Mhandisi alishapita. Kidole kilikuwa cha mwalimu. Kina viungo kama cha mtu, na kazi yake ni kuchokonoa kila tundu la kifaa cha umeme ili ijulikane kama mtumiaji anaweza kugusa pasipotakiwa kuguswa. Uzuri wake ni kwamba hata kikipigwa na umeme hakizikwi.

Dakika kumi nyuma kilikuwa kinazungushwa darasani, yaani kwenye chumba cha mikutano, wasanifu saba, mhandisi akiwa mmoja wao, wakifundishwa usalama wa vifaa wanavyobuni. Mwalimu alikuwa mama mfupi waliyembatiza Bi Kikiharibika. Hata umwonyeshe mchoro mzuri vipi, swali lake lilikuwa hilo moja: "Na kikiharibika kitu kimoja?"

Leo alichora birika la umeme ubaoni. Mwili wa chuma, nyaya mbili tu zinaingia.

"Waya wa ndani ukichubuka ukagusa chuma, umeme unakwenda wapi?" aliuliza. "Waya wa tatu wa kuupeleka ardhini haupo. Basi unakaa hapo hapo, unamngoja mtu alishike. Akiwa na mikono yenye maji, hata kupiga kelele hawahi." Akafunika kalamu yake. "Anayechora kitu kama hiki ana ugomvi na familia yake."

Darasa zima lilicheka. Mhandisi alitoa meno tu. Kicheko kilikataa kuja.

Birika lile alilijua. Alilichora mwenyewe, la kwanza maishani mwake. Bosi alilikataa kwa kuwa ni zito kama jiwe la kusagia, likabaki hilo moja duniani, alilolifunga kwa mikono yake. Miezi minane sasa lilikuwa jikoni kwa mama yake. Kila Ijumaa akitoka kazini alipita kunywa chai ya birika hilo, na mama alilisifia mpaka majirani wakaanza kumkwepa. Halili umeme kabisa, husema. Halijaonana na fundi. Hata siku ile mtaa mzima ulipokosa umeme tangu alfajiri, jioni lilimimina chai inayofuka. "Linatunza joto," mama alisema, na mhandisi akatembea wiki nzima kichwa kimevimba.

Nyaya mbili. Na leo ilikuwa Ijumaa.

Alipiga simu palepale alipokaa. Akapokea mdogo wake wa kike.

"Mpe mama simu, haraka."

"Anafua, ana povu mpaka kwenye viwiko. Mwenyewe kasema anaingia jikoni sasa hivi kukuandalia lile birika lako."

"Asiliguse. Sikiliza, mwambie mama..."

"Kaka, birika lile halimuumi mtu. Wewe njoo tu unywe, mhandisi wetu, uache..."

Simu ikakatika. Alipopiga tena, ilikuwa imezimika. Simu ya binti yule haijawahi kupita asilimia tano tangu itoke dukani.

Ndipo alipokimbia.

Teksi ya kwanza ilikuwa imekwama kwenye foleni, na dereva amefungua mlango anakula karanga. Mhandisi aliipita kwa miguu. Kwenye daraja la waenda kwa miguu kiatu cha kushoto kilimtoka, akakiacha huko huko. Kichwani alikuwa anapiga hesabu asizozitaka: sakafu ya saruji isiyokauka, mama anayevua kandambili kila aingiapo jikoni asichafue, povu mpaka kwenye viwiko. Kila jibu lilikuwa lile lile. Alimwahidi Mungu kwamba akimkuta mama hai, atachora vijiko vya mbao mpaka azeeke.

Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Beseni la nguo limeachwa barazani, povu bado halijapasuka. Aliita. Hakuna aliyejibu.

Akausukuma mlango wa jikoni.

Mama alikuwa amesimama peku kwenye maji, mkono umeshika birika, mvuke unatoka, hatikisiki, macho yamemtoka. Nyuma yake binti yule ameganda na kikombe.

Mhandisi hakumgusa, hilo alifundishwa darasani. Alijitupa kwenye ukuta, akaingiza mkono nyuma ya kabati kung'oa plagi.

Hakukuwa na plagi.

Akaufuata waya kwa macho. Ulikuwa umekunjwa vizuri nyuma ya birika, umefungwa kwa kipande cha shuka kuukuu, na fundo lilikuwa na vumbi la miezi. Kwenye jiko la gesi, sufuria nyeusi ilikuwa bado inatokota.

Mdogo wake aliangalia dari.

"Lilinirusha siku ile ile ulipolileta, nikaangukia ndoo," mama alisema, akimmiminia. "Lakini ulivyokuwa unacheka kwa furaha, mwanangu, ningeanzia wapi? Kaa unywe."