Upande wa Kibla

Mwanamvita alikuwa ameshaunyanyua mfuko wa mchanga na kuuweka juu ya kiti sista alipoingia wodini.

“Kumbe ni wewe,” sista akasema.

Mfuko ule ulining'inia kwa kamba miguuni pa kitanda, ukiuvuta mguu wa mamake usiku na mchana, ili mfupa wa paja uliovunjika alipoteleza akitia udhu uungane ukiwa umenyooka. Kila adhana iliposikika, Mwanamvita aliuondoa, akamgeuza mama alivyoweza. Alishamwambia kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kusali vyovyote alivyolala. Mama alijibu kuwa hawezi kumpa Mola wake kisogo. Mabishano yalimchosha Mwanamvita kuliko mfuko.

“Picha imetoka,” sista akasema. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. “Vipande vya mfupa vimepandana. Tutaanza upya.”

Mwanamvita akavitazama viganja vyake, kamba ilivyovichubua.

Sista akaushika msalaba wake mdogo shingoni, akafikiri.

“Kibla ni upande gani, mama?”

Mama akaelekeza kidole dirishani.

Sista akaurudisha mfuko mahali pake taratibu. Akafungua breki kwa ncha ya kiatu, akakisukuma kitanda kwa nyonga. Magurudumu yakalia, kitanda kikazunguka na mchanga wake, mpaka miguu ya mama ikaelekea dirishani.

Mama akainua mikono masikioni, akaanza kusali.

Mwanamvita alikuwa bado anayatazama magurudumu.