Shahidi wa Pili wa Lukwata

"Shemeji, kaza mwendo, asije akavuka mpaka kabla hatujamwona," Zilpa alisema, akipenya katikati ya malori yaliyopanga foleni Busia.

Paulinus alimfuata kichwa chini.

Mwaka uliopita alitoka Sio Port kwenda kuvua ziwani na Mugeni, mume wa Zilpa, akarudi ufuoni peke yake. Alisema lukwata, lile joka la ziwani wanalolisimulia wazee, lilipindua mashua yao na kumvuta Mugeni chini. Mwili haukuonekana.

Oduori, ndugu yake Mugeni, hakuamini. "Ulimfanyia nini?" alimwuliza Paulinus mbele ya waombolezaji.

Zilpa ndiye aliyesimama kumtetea. "Mwacheni. Baba Sharlyne, mume wangu, alimpenda huyu kuliko nyinyi nyote."

Paulinus alitamani ardhi immeze.

Tangu hapo wengine nao wakaanza kuliona joka hilo. Mama mmoja aliona shingo nene kama mgomba ikitokeza majini. Mvuvi mwingine alionyesha wavu uliochanika. Kanisani waliombea ziwa. Kila ushuhuda ulimwongezea Paulinus aibu, kwa sababu joka halikuwepo.

Kulikuwa na mvua na mawimbi, basi. Mashua ilipopinduka, yeye na Mugeni walipotezana, wakabaki kuitana. Kisha mkono wake ukagusa dumu tupu. Lingebeba mtu mmoja tu. Mugeni aliendelea kumwita. Paulinus akanyamaza, akalikumbatia dumu, akaogelea kwenda zake.

Sasa Zilpa alikuwa amesikia habari za mtu anayeleta omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka upande wa Uganda na kuuza soko la Burumba, hapa Busia. Naye, walisema, aliponea chupuchupu mbele ya lukwata.

"Leo Oduori atafunga mdomo," Zilpa alisema. "Mtakuwa mashahidi wawili."

Walipokaribia wauzaji wa samaki, Paulinus alishindwa kuendelea.

"Shemeji, ngoja. Kuna kitu sikukuambia. Siku ile, Mugeni..."

"Najua inakuuma." Zilpa alimshika mkono kwa upole, akamvuta. "Utaniambia tukirudi. Sikiliza, ndiye yule."

Wanawake walikuwa wamemzunguka mwanamume mmoja aliyewapa Zilpa na Paulinus mgongo. Alikuwa amekonda, amevaa kofia ya sufu, anapima omena kwa kopo la gorogoro huku akisimulia.

"Lilikuwa refu kupita hii soko yote! Likashika rafiki yangu. Alikuwa ananiita, ananiita, halafu kimya. Mimi nikalipiga na kasia mpaka kasia ikavunjika. Wapi! Likaenda na yeye."

"Pole sana, boss," mteja mmoja alisema. "Na kwao ulienda kuwaambia?"

"Ningeanzia wapi, mama? Ningemwangalia bibi yake na macho gani?"

"Huyo rafiki alikuwa anaitwa nani?"

"Paulinus," mwanamume alijibu. "Mtu wa Sio Port."

Zilpa aliuachia mkono wa Paulinus.

"Baba Sharlyne?" aliita.

Mwanamume aliacha kupima omena, lakini hakugeuka.