Saa Namba Kumi na Saba

Tunu alikuwa mkusanyaji wa saa za mkono, na kwa miaka tisa alikuwa akiitafuta moja tu. Saa za aina ile zilitengenezwa thelathini, kila moja na namba yake mgongoni. Ya kumi na saba alikuja kuikuta katika mji asioujua, mkononi mwa Mzee Shekue, mgonjwa asiye na mke wala mtoto. Mzee alikataa katakata kuiuza. Basi Tunu akapanga chumba jirani, akawa anampikia, anamwogesha na kumgeuza ubavu, mpaka mzee akazoea kumwita mwanangu.

Asubuhi moja alimkuta amefumba macho, pumzi zikienda kwa kusuasua. Hakumwita, wala hakwenda kutafuta daktari. Aliushika ule mkono mkavu, akaanza kufungua mkanda wa saa, lakini kifungo kilikuwa kimekaza.

"Vuta kwa kushoto," mzee akasema.

Tunu aliganda. Mzee akaleta mkono wa pili, akakibonyeza kifungo mpaka kikaachia, kisha akamwekea saa kiganjani.

"Nilijua tangu siku ya kwanza," akasema. "Nilikuwa naomba tu uchelewe kuichukua."

"Baba..."

"Kesho utakuja, mwanangu?"

"Nitakuja," Tunu akajibu, huku akiigeuza saa asome namba.

Alipotoka chumbani kwake na begi lake, akipita mlangoni kwa mzee, aligeuka mara moja. Mzee hakuwa ameurudisha mkono. Ulikuwa bado umenyooshwa juu ya shuka, kiganja wazi, na mahali pa mkanda ngozi ilikuwa laini kama ya mtoto.